Zana za Fundi Saa Zisizojulikana Majina

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu alikuwa fundi saa, nami nimerithi sanduku lake la zana. Bisibisi na vibano navitambua, lakini vipo vitu vinne vilivyonishinda. Cha kwanza ni kifaa cha shaba chenye ukubwa wa kiganja, kinachofunguka kama kitabu, chenye skrubu moja na vijiti vinne vya chuma vilivyochongoka. Cha pili ni kiunzi kizito chenye sahani ya mviringo iliyojaa matundu, pamoja na vijiti vya chuma vipatavyo 60. Cha tatu ni upinde mdogo wenye uzi wa singa. Cha nne kinafanana na mkasi usio na makali. Vilifanya kazi gani, na nivisafisheje?
Mjukuu wa Fundi

JIBU: Naanza na usafi, kwa sababu ndipo penye hatari. Tafadhali weka msasa mbali. Zana ya saa hutambuliwa kwa mahali iliposhika kazi, na pale palipong'aa kwa kutumika hueleza mengi kuliko umbo zima. Ukipasugua, umefuta ushahidi. Kitambaa laini chenye tone la mafuta mepesi kinatosha.

Kifaa chako cha shaba ndicho ninachokionea wivu. Ni kipimo cha mwachano wa magurudumu. Gurudumu lenye meno hushikwa kati ya vijiti viwili vya upande mmoja, na kigurudumu kidogo kinachosukumwa nalo hushikwa upande wa pili. Kisha fundi huzungusha skrubu taratibu, pande mbili zikikaribiana au kuachana, huku akiyazungusha magurudumu kwa ncha ya kidole mpaka meno yapokezane bila kukwaruzana. Yakiingiana mno hukwama, na yakiachana mno jino hugonga jino au kuteleza. Umbali sahihi ukishapatikana, zile ncha za nje hutumika kama bikari kuuhamishia kwenye bamba la saa, na hapo ndipo matundu ya mihimili hutobolewa. Ndiyo maana nakusihi usizinoe ncha hizo wala usibadilishane vijiti: kila kimoja kilisawazishwa na tundu lake, na kosa la unywele mmoja linatosha kuisimamisha saa.

Kiunzi chenye sahani ni cha kugongea ribiti, na vile vijiti ni panchi zake. Sahani huzunguka ili tundu lenye kipenyo kinachofaa lije chini ya panchi. Fundi huliweka katikati kwa panchi yenye ncha kali, hukaza sahani, kisha huchukua panchi yenye uwazi katikati na kuligongea gurudumu kwenye mhimili wake. Angalia midomo ya panchi hizo: mingine ni bapa, mingine ya mviringo, na matundu yake hutofautiana kwa kiasi ambacho jicho peke yake halikioni. Zirudishe kila moja kwenye nafasi yake sandukuni.

Upinde ni ndugu wa keekee ya seremala. Uzi wake ulizungushwa kwenye kapi dogo la kikerezo (kifaa cha kuchongea chuma kikiwa kinazunguka) kilichobanwa kwenye jiliwa, na chuma kilikatwa upinde uliposhuka tu, kwa kuwa ulipopanda kazi ilizunguka kinyume. Singa ilichaguliwa kwa mihimili myembamba isiyostahimili mvuto mzito. Kama kikerezo chenyewe hujakitambua sandukuni, tafuta kipande cha chuma chenye ncha mbili zinazotazamana: ndicho hicho.

Huo mkasi bila shaka ni kipimo cha unene, ikiwa mkono wake mmoja unatembea juu ya mizani iliyopinda. Mizani ya namna hiyo husomwa ama kwa sehemu za kumi za milimita, au kwa sehemu za kumi na mbili za ligne, kipimo cha zamani cha mafundi saa. Ufunge kabisa utazame mshale: usiporudi kwenye sifuri, usiuamini mpaka umepima kitu ambacho unene wake unaujua.