Saa inapima sukari, inasoma au inaonyesha?

Dada mmoja kaniandikia hivi: "Nina kisukari, nimebandika mkononi kile kidude cha kupima sukari muda wote, namba zake naziangalia kwenye saa janja. Juzi nikaandika kwenye grupu la familia 'saa imepima, sukari imepanda', kaka akanirukia kwamba saa haipimi chochote, niseme saa imesoma. Nani yuko sahihi? Na zile namba zenyewe tuziite vipimo, masomo au usomaji?"

Kaka yako kapata nusu. Saa kweli haipimi. Anayepima ni hicho kidude, kina kiuzi chembamba kimeingia chini ya ngozi na kinachunguza sukari kwenye majimaji yaliyo kati ya seli (sio kwenye damu yenyewe), kila dakika moja au kila dakika tano kutegemea aina, afu kinarusha namba kwa Bluetooth mpaka kwenye simu na simu ndo inaipa saa. Vipo vinavyoongea na saa moja kwa moja, mfano Dexcom G7 na Apple Watch, lakini hata hapo saa inapokea tu. Kama chako kinapitia kwenye simu, iache simu mbali utoke na saa peke yake uone, namba zinaganda au zinapotea kabisa.

Kwa hiyo kidude kinapima, saa inaonyesha. Na usidhani ni ukali wa walimu wa lugha huu, manake mtu akisikia "saa imepima sukari" anaenda kutafuta saa inayopima sukari, na wa kumuuzia hakosekani. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu saa na pete zinazodai kupima sukari zenyewe bila kutoboa ngozi, ikasema haijaidhinisha hata moja ya namna hiyo. Sasa mtu anayechoma insulini akifuata namba za saa kama hiyo anaweza akajimaliza, na kosa lilianzia kwenye kitenzi.

Haya, "imesoma". Kuna watu watakwambia mwenye macho tu ndo anasoma, mi siwaungi mkono. Kila siku tunasema salio linasoma sifuri, mita inasoma, hela bado haijasoma kwenye akaunti, na kila mtu anaelewa kwamba maana yake namba imetokea. Hiyo maana imeshakomaa. Shida ya kaka yako ni kuiweka kwenye saa, kwa sababu saa ina kazi yake ya zamani, ukiniambia "saa yangu inasoma nane" mi najua tumechelewa kula mchana, sijui habari za sukari. Iweke kwenye sukari yenyewe: "sukari inasoma 8.1" (namba zangu hapa ni za kizio cha mmol/L). Hapo hata saa huna haja ya kuitaja, nani anajali umeona kwenye saa au kwenye simu?

Masomo hapana, hayo ni ya darasani. Usomaji ni tendo la kusoma. Vipimo inafaa ingawa neno limebeba mizigo mingi, hospitali tukisema vipimo tunawaza maabara na karatasi ya majibu, ndo maana wanaotumia hivi vidude wengi wanasema tu "namba", "namba zangu leo nzuri", na mi naona wako sawa.

Ila kwenye meseji yako kuna kitu hujaniuliza na kwangu ndo kikubwa kuliko vyote: imepanda. Pembeni ya namba, saa inakuonyesha mshale. Namba inasema uko wapi, mshale unasema unaelekea wapi, na Kiswahili tayari kina viambishi vya kazi hiyo, -me- na -na-. Ukiona 6.5 na mshale umesimama wima unatazama juu, sukari haijapanda, inapanda. Ukiona 14 na mshale umelala, imepanda, tena imeshapanda na imetulia huko juu. Ukisema "imepanda" kwenye hali zote mbili watu wa nyumbani watafanya kitu kilekile, na hizo hali hazitaki kitu kilekile.

Kushuka ndo pabaya zaidi. "Inashuka" inaweza kuwa habari njema kabisa, ilikuwa 15 sasa iko 11 inarudi taratibu, mtu akikukimbilia na soda hapo anakuharibia. "Imeshuka" ni kwamba iko chini, wengi wanahesabu chini ya 3.9, hapo soda iletwe na maswali baadaye. Katikati kuna ile 4.5 yenye mishale miwili chini, kwa namba bado uko salama ila inashuka kwa kasi, na kwa vile majimaji ya chini ya ngozi yanachelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, unaposoma 4.5 damu inaweza ikawa imeshafika chini zaidi. Yaani kisarufi "sukari ni 4.5" ilitakiwa iwe "ilikuwa 4.5", lakini hatutamsumbua mtu anayetetemeka. Mwache aandike "inashuka haraka", inatosha.

Basi andika hivi: "Sukari inasoma 7.8, inapanda, nimetoka kula sasa hivi."

Na nukta usiiruke. Kioo cha saa ni kidogo, mtu anatupia jicho 5.4 anatangaza hamsini na nne. Kwa anayetumia mmol/L 5.4 ni sukari ya kawaida, ila kuna wanaotumia kizio kingine, mg/dL, ambako hiyohiyo inasoma 97 hivi (unazidisha kwa 18), na kwao 54 ni sukari iliyoshuka vibaya. Sema "tano nukta nne" au "tano pointi nne", zote nakubali, na kama kwenye grupu kuna mtu wa zile namba kubwa, malizia na kizio chenyewe.