Gari limelala miezi, likiwashwa linalia tik-tik tu

Pole ndugu. Kama Vitz yako imelala uani miezi saba na sasa ukizungusha ufunguo inalia tik-tik-tik huku taa za dashibodi zikififia, usikubali kuuziwa stata (mota inayozungusha injini iwake) kwanza. Mlio huo wa harakaharaka mara nyingi ni betri kukosa nguvu, au vichwa vyake (pale nyaya zinapofungwa) kushika kutu.

Pima betri gari likiwa limezimwa. Iliyojaa husoma karibu volti 12.6, chini ya 12 imeisha. Ichaji polepole usiku kucha, iache saa chache, upime tena. Ikishuka, tafuta nyingine, maana betri iliyokaa tupu kwa miezi huganda salfeti (ukoko mgumu) kwenye sahani zake za ndani na hairudi ilivyokuwa.

Ila kabla hujatoa hela, fungua vichwa (anza na hasi) uvisugue kwa brashi ya waya mpaka ule unga mweupe au wa kijani uishe. Halafu ufuate waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye bodi ya gari. Hapo kutu hujificha, na mafundi wengi hawapaangalii kabisa!

Chungulia panya pia. Ukikuta waya umetafunwa, usiwashe. Waya huo ukigusa bodi unaweza kuleta moto.

Likishawaka, pima tena injini ikiunguruma: ikisoma volti 13.8 hadi 14.5, alternata (kifaa kinachochaji betri injini ikiwaka) inachaji. Na tafadhali, mtu asichomoe betri injini ikiwa inawaka eti anajaribu alternata. Anaweza kukuulia kompyuta ya gari.