Kabla hamjasema ana jini, mwageni dawa zake mezani

Saa nane usiku niliamshwa na mlio wa maji. Dada yangu alikuwa uani anafua mapazia ya nyumba nzima, huku anaimba. Ulikuwa usiku wa tatu hajalala, na uchovu hana. Siku ya nne akaanza kusema jirani anatusikiliza kupitia feni. Ya tano shangazi akamleta shehe aje kumzingua. Dua sina ugomvi nayo, nami niliitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.

Hospitali tulieleza kila kitu, isipokuwa jambo moja ambalo hatukuulizwa wala hatukulikumbuka: figo zake zilikuwa zinavujisha protini, na siku kumi nyuma alianzishiwa predinisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 60 kwa siku. Vidonge vyenyewe ni vya miligramu 5, kwa hiyo bahasha iliandikwa 12x1. Kumi na mbili kila asubuhi, na hakuna aliyeshtuka.

Akachomwa sindano ya haloperidoli, dawa ya kutuliza wagonjwa wa akili, akalala usiku ule. Kesho yake hakai. Anaketi, anainuka, anaipima korido kwa hatua, anasema miguuni mna siafu. Ikasemwa ugonjwa umepanda, dawa ikaongezwa, naye akazidi. Baadaye ndipo nikajua kwamba hali ile huletwa na haloperidoli yenyewe, na jina lake ni akathisia. Yaani dawa ya kwanza, predinisoloni, ilimvuruga akili, ya pili ikamvuruga miguu, na zote mbili tukaziandika kwenye hesabu ya wazimu.

Aliyetuokoa ni muuguzi wa zamu ya usiku. Aliuliza tu, "Dawa za nyumbani mmekuja nazo?" Zilikuwa mkobani mwangu muda wote.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Uchunguzi wa Boston, Marekani, wa mwaka 1972 ulionyesha kuwa katika wagonjwa waliolazwa na kupewa si zaidi ya miligramu 40 za prednisoni, pacha wa predinisoloni, kwa siku, kiasi cha 1.3 katika kila 100 walivurugika akili. Kwa waliopewa zaidi ya miligramu 80, ni zaidi ya 18 katika kila 100. Mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za mwanzo: usingizi unakata, maneno yanakuwa mengi, furaha isiyo na sababu, kisha hasira au sauti zisizokuwepo.

Nilipojua, nilitaka kuzitupa zile dawa za figo chooni. Usifanye hivyo. Mtu akishazitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo huzubaa, na kukata ghafla kunaweza kumuua. Daktari alizishusha kidogo kidogo, haloperidoli ikasitishwa, na dada akaja kulala fofofo.

Tangu hapo nimekuwa msumbufu kwa kila anayeniambia ndugu yake "amebadilika". Nauliza: mwezi huu ameanza dawa gani, ameongezewa ipi, ameacha ipi? Hata za dukani, hata mitishamba, hata vile vidonge vya kunenepesha ambavyo watu huvimeza kwa siri. Andika tarehe aliyoanza dawa na tarehe aliyoanza vituko, uziweke mbele ya daktari pamoja na bahasha zote. Kama anataka kujidhuru, tarehe utaziandikia njiani.

Efavirenzi, iliyokuwamo kwenye kidonge cha ARV cha watu wengi kabla dolutegraviri haijashika nafasi, ilileta ndoto za kutisha na kizunguzungu. Washauri wakiyaita maudhi madogo madogo, lakini wapo waliofikia kutaka kujiua. Saikloserini ya kifua kikuu sugu nayo inajulikana kwa kuvuruga akili. Na metoklopramidi, dawa ya kawaida kabisa ya kuzuia kutapika, inaweza kumpinda kijana shingo na kumpandisha macho juu, nyumba nzima ikaapa kwamba pepo kapanda, kumbe sindano sahihi humwachia baada ya muda mfupi.

Wengine ni wagonjwa wa akili kweli, na hao wanahitaji tiba yao bila aibu. Ninachoomba ni kwamba bahasha zifunguliwe kwanza.

Dada mwenyewe anakumbuka vipande tu. Mapazia aliyakana katakata, mpaka nilipomwonyesha lile la chumbani kwa shangazi, alilolichuja rangi kwa jiki.