Laini mbili za intaneti skuli: usitafute kujumlisha kasi

Waalaykum salaam mwalimu wa Wete. Umesema skuli yenu ina faiba ya Mbps 20 na laini ya 4G ya Mbps 10, ruta ni MikroTik, na mnataka maabara ipate Mbps 30. Nahudumia mitandao ya skuli hapa Pemba, na hili naulizwa kila mara. Faili moja likishushwa hupita laini moja tu, kwa hiyo mwanafunzi mmoja hataiona hiyo 30. Faida mtaiona darasa zima likiingia kwa pamoja.

Tumia PCC, yaani mpangilio wa MikroTik unaogawa miunganisho kwa mafungu. Faiba yenu ni mara mbili ya 4G, basi gawa kwa tatu: mafungu mawili faiba, moja 4G. Igawe kwa src-address (anwani ya kompyuta inayotuma), ili kila kompyuta ibaki na laini yake. Ukichanganya na bandari (port, namba ya kila muunganisho), mzigo husawazika zaidi, ila tovuti nyingine zikiona mtu yule yule anatokea anwani mbili zinamtoa. Skuli moja ilihangaika hivyo wakati wa kusajili watahiniwa: fomu imejazwa nusu, mara inarudi ukurasa wa kuingia.

Zima na fasttrack, njia ya mkato ndani ya ruta, maana pakiti zinazopita huko haziguswi na mangle (kanuni zinazotia pakiti alama ya laini ya kupita), na mgao wote unakuwa kazi bure.

Kubwa kuliko yote ni ukaguzi wa laini. MikroTik isipingi (isijaribu kama kinajibu) kifaa cha mtoa huduma kilichopo hapo hapo ofisini. Hicho kitajibu hata waya ukiwa umekatika barabarani, na darasa litakaa likitazama ukurasa mweupe. Chukua anwani mbili za mbali kwenye intaneti: weka njia ya 8.8.8.8 kupitia faiba, 1.1.1.1 kupitia 4G, kisha njia kuu zitegemee hizo, check-gateway (kipengele cha kukagua njia) ikiwa ping. Laini ikifa, baada ya sekunde 20 hivi inaachwa. Lakini anwani hizo usizigawe kama DNS (seva ya kutafutia majina ya tovuti) kwa kompyuta za wanafunzi: kila moja imefungwa kwenye laini yake, na laini ikianguka nayo haifikiki.

Kama 4G ni ya bando, mimi nisingegawa kabisa. Iwe akiba tu, maana masasisho ya Windows ya maabara nzima yatalimaliza mapema. Na vifaa vyote viwe kwenye UPS, betri ya akiba. Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa baharini, ukikatika laini mbili hazisaidii kitu.

Ukimaliza, jaribu darasa likiwa linatumia: chomoa waya wa faiba unaotoka ukutani, si ule unaoingia kwenye MikroTik.