Kipeuo cha pili kwa kalamu na karatasi: maswali na majibu

Kwa nini tarakimu za namba tunayoitafutia kipeuo zinagawanywa mbilimbili?

Kwa sababu kila tarakimu ya kipeuo hudai nafasi mbili kwenye mraba wake. Jozi huhesabiwa kuanzia kwenye nukta: kushoto kwa namba nzima, kulia kwa desimali. Ikibaki tarakimu moja mwisho wa kushoto, iache peke yake. Ikibaki mwisho wa kulia, iongezee sifuri. Hapo ndipo 0.9 inapowaponza wengi. Wanaandika 0.3, kumbe jozi ni 90 na jibu linaanza na 0.94. Yenye kipeuo cha 0.3 ni 0.09.

Naomba hatua za kipeuo cha 7, desimali tatu.

Andika 7.00 00 00. Mraba mkubwa usiozidi 7 ni 4, kwa hiyo jibu linaanza na 2 na baki ni 3. Shusha jozi: 300. Zidisha jibu kwa 2, upate 4, kisha tafuta tarakimu ya kuweka kulia kwake ambayo pia itazidisha: 46 × 6 = 276 inaingia, 47 × 7 = 329 inazidi. Baki 24, shusha, 2400. Sasa jibu bila nukta ni 26, mara mbili ni 52: 524 × 4 = 2096, baki 304. Shusha tena, 30400. Mara mbili ya 264 ni 528: 5285 × 5 = 26425, baki 3975. Tumefika 2.645.

Je, tukadirie juu? Huna haja ya kutafuta tarakimu ya nne. Linganisha baki na jibu lisilo na nukta: 3975 inazidi 2645, basi panda hadi 2.646.

Hiyo "mara mbili" inatoka wapi?

Tuseme makumi ni a na mamoja ni b. Mraba wa 10a + b ni 100a² + (20a + b) × b. Sehemu ya kwanza umeshaitoa. Iliyobaki ina 20a, yaani jibu mara mbili lenye nafasi tupu mwishoni, na b ndiyo inayoijaza na kuzidisha. Ukizidisha 40 × 6 badala ya 46 × 6, umeisahau b².

Kwa 41616 napata 24. Kosa liko wapi?

Umeruka sifuri. Jozi ni 4, 16, 16. Baada ya 2 baki ni 0, unashusha 16. 41 × 1 tayari inazidi, kwa hiyo andika 0 kwenye jibu ndipo ushushe jozi nyingine. Mara mbili ya 20 ni 40, na 404 × 4 = 1616 kamili. Jibu ni 204.

Baki limezidi namba niliyozidisha. Niongeze tarakimu?

Si lazima, hii si kugawanya kwa kawaida. Jaribu 1295: jibu 35, hatua ya mwisho 65 × 5 = 325, baki 70. Ni sahihi, maana 36 × 36 ni 1296. Mpaka wa baki ni mara mbili ya jibu. Likipita hapo, ndipo tarakimu yako ni ndogo.

Kuna njia fupi zaidi?

Wastani, aliouelezea mwanahisabati Heron wa Alexandria katika karne ya 1. Kwa 7 kisia 2.6, 7 ÷ 2.6 ni 2.6923, wastani wa hizo mbili ni 2.6462. Rudia mara moja tu, unapata 2.64575. Ukikosea katikati, mzunguko unaofuata unakurekebisha, jambo ambalo njia ya jozi haina.