Kuoga janaba ukiwa na mpira wa dayalisisi tumboni

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nafanya dayalisisi ya tumbo nyumbani, yaani kusafisha damu kwa maji yanayoingizwa na kutolewa tumboni kwa mpira. Muuguzi alinikataza kuloanisha tundu la mpira, lakini nilipopata janaba (hali inayowajibisha kuoga mwili mzima kabla ya kuswali) nilijimwagia maji mwili mzima nikihofia swala yangu haitaswihi. Sasa tundu ni jekundu na linatoa usaha. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullaahi wabarakaatuh. Ndugu yangu, nenda kliniki leo hii. Usaha ni dalili ya maambukizi, na vijidudu huweza kuufuata mpira hadi ndani ya tumbo. Ukiona maji unayoyatoa yana ukungu, au una homa na maumivu ya tumbo, usingoje hata saa moja; beba na mfuko wa maji hayo ukapimwe.

Ama josho, hukukalifishwa ulichokifanya. Amepokea Abu Daud kwa Jabir kuwa mtu aliyejeruhiwa kichwani aliambiwa na wenzake kwamba hana ruhusa ila aoge. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) aliwakemea vikali, akasema dawa ya kutojua ni kuuliza. Kauli ya muuguzi wako kuhusu kidonda ni hoja ya kisheria kwako.

Kwa madhehebu ya Shafi, fanya hivi. Osha mwili sehemu kwa sehemu: kichwa ukiwa umeinama, kisha miguu na mgongo, maji yasitiririkie tumboni. Ngozi inayoizunguka plasta iweke kitambaa kilicholowa, ukikamue taratibu maji yapite hapo tu. Pangusa juu ya plasta yote kwa mkono wenye unyevu. Ikiwa hata hilo linadhuru, liache. Kisha tayamamu, yaani jipanguse kwa vumbi safi, usoni na mikononi kwa ajili ya sehemu isiyooshwa. Katika josho hakuna tartibu (mpangilio wa lazima), kwa hiyo waweza kuanza na tayamamu. Kwa swala ya faradhi inayofuata unarudia tayamamu, si josho.

Vumbi la tayamamu lisifike karibu na tundu. Wala udhu hautoshi kabla ya kubadilisha maji ya dayalisisi: nawa kwa sabuni, kausha mikono kabisa, vaa barakoa, funga madirisha na zima feni, usiguse ncha ya mpira. Wengi huteleza hapa, wakidhani aliye na udhu mikono yake imeshasafika kwa kazi hiyo. Kuna tohara ya ibada na kuna usafi wa kuzuia vijidudu, na wewe unavihitaji vyote viwili.

Plasta ikilowa, ibadilishe papo hapo. Usibandue gamba la kidonda, usipake mafuta wala poda. Paka ile krimu ya antibiotiki uliyoandikiwa tu. Kidonda kikishapona na kliniki ikakuruhusu, oga kwa maji yanayotiririka, usijizamishe kwenye beseni wala bwawa, kisha kausha tundu na ulihudumie mara tu unapomaliza.

Unaposwali, bandika mpira kwenye ngozi ya tumbo usining'inie, na mkanda usipite juu ya tundu. Mpira ukivutwa wakati wa kusujudu, ngozi huchanika kidogo na hapo ndipo vijidudu huingia. Ikiwa kusujudu kunauvuta hata ukiwa umebandikwa, simama na urukuu kama kawaida, kisha kaa na usujudu kwa ishara. Wallaahu a'lam.