Kwa mzee mpya wa kanisa: namna ya kumtembelea mgonjwa na mfiwa

Hongereni, ninyi mlioingizwa kazini majuzi. Semina za wazee hapa Moshi huchukua muda mrefu kwenye bahasha za ahadi, zamu za ibada na mapato ya mtaa, halafu kutembelea watu kunatajwa mwishoni, watu wakiwa tayari wanatafuta mikoba yao. Lakini Yakobo 5:14 inasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa. Mtaitwa, tena mapema, na kuna mambo ni vizuri myajue kabla simu haijalia.

Tuanze na hospitali. Ukiwa unakwenda KCMC au Mawenzi, uliza kwanza saa za kuona wagonjwa, na uingie na mtu mmoja tu. Kikundi kizima cha jumuiya kikizunguka kitanda, mgonjwa anajilazimisha kutabasamu, jirani yake anakosa hewa, na muuguzi anashindwa kufanya kazi yake. Nawa mikono kabla na baada. Usikae kitandani, vuta kiti, ukikosa simama mahali anapoweza kukuona bila kugeuza shingo. Chakula usimpe mpaka umuulize muuguzi, maana huenda anasubiri upasuaji na hatakiwi kula, au ana kisukari na ile juisi uliyobeba itamdhuru. Dakika 15 zinatosha. Mgonjwa wa nyumbani unaweza kukaa naye nusu saa, lakini akianza kufumba macho, aga.

Ukimuuliza "unaendeleaje?", mkristo wa huku atakujibu "namshukuru Mungu", na hapo mazungumzo yameisha. Hilo ni jibu la adabu. Muulize tena: "Usiku umeupitaje?" Swali hilo ndilo linalofungua. Atakwambia kama maumivu yalimzuia kulala, kama alimwita mtu hakuitikiwa, kama aliwaza ada za watoto mpaka alfajiri. Hapo nyamaza umsikilize. Ukimya ukidumu kidogo usiujaze kwa mstari wa Biblia. Wale rafiki watatu wa Ayubu walifanya vema siku 7 walizokaa naye bila kusema neno, na waliharibu walipoanza kueleza sababu.

Kisha muulize, "Ungependa tumwombe Mungu nini?" Omba alichokitaja yeye. Wengi wetu tunaombea uponyaji wakati mtu alitaka tuombee mwanawe aliyekata mawasiliano. Soma mistari 5 hadi 8, isizidi. Zaburi ya 121 na ya 23 watu wa rika kubwa wanazijua kwa moyo, kwa hiyo soma taratibu ili wakufuatishe. Kwa aliyekata tamaa, Zaburi ya 13 inamfaa kuliko zile za shangwe, maana inaanza na swali lake mwenyewe: hata lini? Kama ni bibi au babu wa Machame, Marangu au Rombo na wewe unaijua lugha ya kwao, tumia hiyo. Aliyeanza kusahau majina ya wajukuu bado anaweza kuimba ubeti mzima wa wimbo aliofundishwa kwenye kipaimara. Mwanzishie tu mstari wa kwanza.

Usiahidi kwamba atapona. Na kamwe usimwambie aache dawa ili imani yake ionekane, iwe dawa ya presha, ya sukari, ya kifafa au ARV. Akikwambia kuna mtu amemshauri hivyo, mjulishe mchungaji siku hiyohiyo. Mgonjwa wa muda mrefu anayelala upande mmoja kutwa atatoka vidonda vya mgongo na nyonga. Mkumbushe anayemuuguza amgeuze kila baada ya saa 2, na umuulize huyo muuguzaji naye amelala lini. Mara nyingi ndiye aliyechoka zaidi nyumba nzima na hakuna aliyemwombea.

Meza ya Bwana ni ya mchungaji kuileta. Kazi yako ni kumwambia mapema kwamba mgonjwa anaihitaji, wala usingoje mpaka hawezi tena kumeza. Ubatizo wa dharura ni jambo jingine: mtoto akiwa katika hatari ya kufa na mchungaji hayupo, mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji safi, jina la mtoto, na "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu". Andika tarehe, mahali na jina la shahidi, kisha peleka taarifa usharikani iandikwe.

Sasa siri. Hapa ndipo wazee wengi wanapopotezea watu wao, na ukishaipoteza imani ya nyumba moja mtaa mzima utajua. Siri haitoki kwa masengenyo peke yake, hutoka pia kwenye maombi. Mzee anasimama kwenye ibada ya jumuiya na kusema, "Tumkumbuke mama fulani, ndoa yake inapita pagumu," na kufikia jioni habari imeshafika sokoni. Unaposali mbele ya watu sema "haja za ndugu yetu unazijua, Bwana", inatosha kabisa. Wodini vitanda vinakaribiana, kwa hiyo punguza sauti. Picha ya mgonjwa kitandani isiingie kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, hata kama ni kwa nia ya kuchangisha, mpaka yeye mwenyewe ameridhia. Na daftari lako liwe na jina, tarehe na kitu cha kufuatilia tu: "arudi kliniki tarehe 12", "apelekewe magongo". Ugonjwa wenyewe na ugomvi wenyewe usiviandike, kwa sababu daftari husahaulika kwenye bodaboda.

Lakini usimwahidi mtu siri kabla hujasikia. Anapokuambia "mzee, nina jambo, uniapie hutasema," mjibu kwa upole kwamba utalitunza, isipokuwa kama kuna uhai wa mtu hatarini au mtoto anaumizwa. Watu wengi bado wataendelea kuongea.

Mtoto akiwa amefanyiwa ukatili wa kingono, jambo hilo halimalizwi kwenye kikao cha ukoo wala kwa mbuzi wa fidia, hata aliyetenda awe mwanakwaya mwenzenu au mwenye nyumba aliyejenga nusu ya kanisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa azitoe kwa serikali ya mtaa. Afisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya simu kwa mtoto zote ni njia zako. Mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari, na afike hospitali mapema, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazina budi kuanza ndani ya saa 72. Familia ikitumia siku tatu kujadili aibu, muda huo umekwisha.

Kuhusu mtu anayesema amechoka kuishi: muulize wazi, "Umefikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo; wengi hushusha pumzi kwa kuwa mtu hatimaye amelitamka. Akikubali, muulize kwa njia gani na lini. Asiachwe peke yake. Kwenye nyumba za wakulima wa kahawa sumu ya kunyunyizia hukaa stoo au chini ya kitanda, na hiyo itolewe nyumbani siku ileile, pamoja na dawa za kuogeshea mifugo. Mpelekeni hospitali, kisha umwite mchungaji. Usianze na hotuba ya dhambi.

Mfiwa naye ana mahitaji yake. Siku za msiba nyumba imejaa: mahema, viti vya kukodi, masufuria jikoni, ndugu waliopanda basi usiku kutoka Dar. Marehemu anazikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kando ya migomba, watu wanakula, na kesho yake mabasi yanashuka. Hapo ndipo kazi yako inapoanza. Mjane anabaki na deni la jeneza, chumba chenye nguo za mume, na kaburi analoliona kila akienda kukata majani ya ng'ombe. Nenda wiki ya pili. Nenda tena baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi 3. Weka alama Desemba, kwa sababu ukoo wote unapopanda mlimani kwa Krismasi, ile ya kwanza bila marehemu huwa nzito kuliko mazishi. Mtaje marehemu kwa jina. Wafiwa hupenda kusikia jina, ila watu huliogopa.

Maneno ya kuacha nyumbani: "kazi ya Mungu haina makosa", "Mungu amempenda zaidi", "usilie, wewe ni mama wa watoto". Mwenye msiba akiyasema mwenyewe, sawa. Wewe sema, "Pole sana, mama. Tuko pamoja," kisha ubaki kweli. Warumi 12:15 inasema lieni pamoja nao waliao.

Mali ya marehemu itazungumzwa, pengine ukiwa umekaa pale pale. Usisaini muhtasari wa kikao cha ukoo wala usitoe hukumu ya nani achukue shamba. Mwambie mjane kwamba mirathi hufunguliwa mahakamani, kwa kawaida Mahakama ya Mwanzo, na kwamba atahitaji cheti cha kifo na muhtasari huo. Autunze, na asitie sahihi karatasi asiyosomewa.

Mambo madogo yaliyobaki. Nenda na mwenzako, hasa unapomtembelea mtu wa jinsia tofauti anayeishi peke yake, na mlango ubaki wazi. Mchango wa fedha usipitie kwenye simu yako. Upitie kwa mhasibu wa usharika au kamati ya diakonia (huduma ya kanisa kwa wahitaji), na risiti itoke. Nyumba 2 zenye huzuni kubwa kwa siku moja zinatosha, ya tatu utaisikiliza ukiwa umechoka na wenyewe wataona. Kila mwezi kaa na mchungaji mpitie daftari jina kwa jina, na yule ambaye tarehe yake ya mwisho imepita wiki 6, muwekeeni siku palepale.